Jua ni bure, betri si bure

Somo kwa kamati za parokia: namna ya kupima gharama na faida za nishati jadidifu



Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki unaweza kuona paneli ya sola juu ya paa la zahanati, shule au kanisa, ukafurahi kwamba umeme umefika. Ukiingia ndani jioni unakuta mhudumu ameshika tochi ya simu. Paneli ni nzima na jua lipo. Kilichokufa ni betri, na hakuna aliyeweka akiba ya kununua nyingine. Picha ya uzinduzi bado imetundikwa ofisini, lakini mama anayejifungua saa nane za usiku anajifungulia gizani kama zamani.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anatoa mfano wa mjenzi wa mnara aliyeanza kazi bila kufanya hesabu. Kwa upande wa nishati tuongeze jambo moja. Mnara ukiisha kujengwa, umekwisha. Mtambo wa umeme unaendelea kudai fedha kila mwaka, hata kama mafuta yake ni jua, maji au upepo ambavyo havinunuliwi.

Nishati jadidifu ni nishati itokayo katika vyanzo visivyokwisha tunapovitumia: jua, maji yanayotiririka, upepo, na gesi ya samadi. Somo hili halilengi kuwashawishi mwikubali au mwikatae. Lengo lake ni kuisaidia kamati ikae chini na kalamu na karatasi, ipime gharama na faida za miaka 10, kisha iamue. Mnaweza kulisoma kwa vikao viwili: sehemu ya kwanza hadi ya nne katika kikao cha kwanza, na zilizobaki katika kikao cha pili.

1. Anzeni na kazi, msianze na chombo

Mara nyingi mazungumzo huanza hivi: "Tupatiwe sola." Swali la kwanza liwe: tunataka nishati kwa kazi gani? Andikeni kila kazi, nani anaihitaji, na kwa saa ngapi kwa siku. Mwanga wa chumba cha kujifungulia ni kazi moja. Kutunza chanjo kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 ni kazi nyingine. Kusaga mahindi, kuchomelea vyuma na kupika chakula cha wanafunzi 300 ni kazi nyingine kabisa.

Orodha hii huzuia makosa mawili. Kosa la kwanza ni kununua mtambo mdogo kwa kazi kubwa. Mtambo wa sola unaotosha taa na simu hauwezi kuivisha ugali wa shule, kwa sababu kupika hula umeme mwingi sana. Kosa la pili ni kusahau shida iliyo kubwa kuliko zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Ikiwa akina mama wa parokia yenu wanatembea saa tatu kutafuta kuni, pengine jambo la kwanza kwao ni jiko, na taa ifuate. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, ambao umelenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kamati ziulize halmashauri zao kuna msaada gani katika mpango huo.

2. Kila chanzo na mahali pake

Jua linapatikana karibu kila mahali kwetu. Kwa hesabu ya tahadhari, chukueni saa 4 za jua kamili kwa siku katika msimu wa mawingu. Paneli nzuri hudumu miaka 20 hadi 25. Udhaifu wake ni usiku na mvua, ndiyo maana betri inahitajika.

Maji hutoa umeme usiku na mchana, na mtambo uliojengwa vizuri hudumu miaka mingi. Kwa makadirio ya mwanzo, zidisheni lita za maji kwa sekunde mara mita za mwanguko mara 5. Jibu ni wati. Kijito cha lita 50 kwa sekunde chenye mwanguko wa mita 20 kinaweza kutoa wati 5,000 hivi. Pimeni mwisho wa kiangazi, mwezi wa Oktoba au Novemba, maji yakiwa machache kabisa. Kwa kijito kidogo, kusanyeni maji yote kwenye bomba au mfereji mmoja, kisha hesabuni ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi. Anayepima mwezi wa Aprili anajidanganya. Hata taifa zima la Tanzania liliingia kwenye mgao wa umeme mwaka 2006, na tena 2022, mabwawa na mito ilipopungua maji.

Gesi ya samadi yafaa kwa kupikia. Kaya inahitaji mavi ya ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini, na maji ya kuchanganyia kiasi kinachokaribia mavi hayo. Pale ambapo ng'ombe hulala zizini lakini hushinda malishoni, mavi mengi hubaki huko. Pale ambapo maji huchotwa mbali, mtambo utaongeza mzigo wa mama badala ya kuupunguza. Faida yake nyingine ni tope linalotoka, ambalo ni mbolea nzuri shambani.

Upepo unahitaji kupimwa kwa mwaka mzima kabla ya kununua chochote. Kwa parokia nyingi si mahali pa kuanzia. Tutauzungumzia hapa chini kwa sababu miradi mikubwa ya upepo inagusa ardhi ya vijiji.

3. Hesabu ya mfano: zahanati ya parokia

Tuchukue zahanati ya kubuni, isiyo na umeme. Bei zote zilizomo hapa ni za mfano tu. Mtakapofanya hesabu yenu, wekeni bei mlizopewa na wauzaji watatu kwa maandishi.

Mahitaji ya siku moja:

- Taa 8 za wati 9 kwa saa 5: wati-saa 360
- Taa ya chumba cha kujifungulia, wati 20 kwa saa 10: wati-saa 200
- Hadubini, wati 20 kwa saa 5: wati-saa 100
- Kompyuta na simu ya zahanati, wati 60 kwa saa 4: wati-saa 240

Jumla ni wati-saa 900. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya umeme unaopotea kwenye nyaya, betri na inveta: wati-saa 1,200. Tukigawa kwa saa 4 za jua tunapata wati 300. Tuchukue paneli za wati 400 ili betri zijae hata baada ya siku za mvua.

Jokofu la chanjo hatukuliweka humo kwa makusudi. Yapo majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na paneli zake yenyewe bila betri, yakitunza baridi kwa barafu. Ni vema chanjo isitegemee betri inayowasha taa za kila mtu.

Kwa akiba ya siku mbili tunahitaji wati-saa 2,400. Betri za asidi, ziwe za maji au kavu, hazipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo zinakufa mapema. Kwa hiyo tunahitaji mara mbili ya hapo, yaani wati-saa 4,800. Hizo ni betri 2 za volti 12 na ampea-saa 200. Betri za gari hazifai kwa kazi hii; zimetengenezwa kwa kuwasha injini.

Gharama za kununua, kwa betri za asidi:

- Paneli: Sh 400,000
- Betri 2: Sh 1,400,000
- Kidhibiti chaji na inveta: Sh 600,000
- Nyaya, taa, swichi na fremu: Sh 500,000
- Usafiri na fundi: Sh 600,000
- Jumla: Sh 3,500,000

Hapa ndipo kamati nyingi husimama. Tuendelee hadi mwaka wa 10:

- Betri mpya mwaka wa 4 na wa 8: Sh 2,800,000
- Inveta mpya mara moja: Sh 500,000
- Fundi, taa na matengenezo madogo, Sh 100,000 kila mwaka: Sh 1,000,000
- Jumla ya kutunza: Sh 4,300,000

Tazameni vizuri. Kuutunza mtambo kumegharimu zaidi ya kuununua. Kwa miaka 10 zahanati imetumia Sh 7,800,000, sawa na Sh 65,000 kwa mwezi.

Sasa tufanye hesabu ileile kwa betri ya lithiamu. Hiyo inaweza kutumiwa hadi asilimia 80, na iliyo bora ikitunzwa hudumu miaka 10 hivi. Tuseme inauzwa Sh 2,000,000. Gharama ya kununua mtambo inapanda hadi Sh 4,100,000. Lakini gharama ya kutunza inashuka hadi Sh 1,500,000, na jumla ya miaka 10 ni Sh 5,600,000. Mtambo ulioonekana ghali dukani umekuwa nafuu kwa zaidi ya Sh milioni 2. Hakikisheni tu kwamba kidhibiti chaji na inveta vinapatana na betri ya aina hiyo, na kwamba muuzaji anatoa dhamana ya maandishi.

Mwaka wa 10 betri ya lithiamu nayo itahitaji nyingine. Tukiweka akiba ya betri ijayo pamoja na matengenezo, tunahitaji Sh 350,000 kwa mwaka, karibu Sh 30,000 kwa mwezi. Parokia yenye jumuiya ndogondogo 15 inaweza kuipata kwa Sh 2,000 kutoka kila jumuiya kila mwezi. Kiasi hicho si kikubwa. Ugumu ni kukitoa kila mwezi wakati taa zinawaka na hakuna anayeona haja.

4. Linganisheni na njia nyingine

Hesabu ya sola peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe.

Jenereta ndogo ya petroli inayokula nusu lita kwa saa, ikiwashwa saa 5 kila usiku, hunywa lita 2.5 kwa siku. Kwa bei ya mfano ya Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 2,737,500 kwa mwaka, kabla ya oili na vipuri. Kwa miaka 10 inapita Sh milioni 27. Jenereta ni rahisi kununua na ni ghali kuishi nayo. Tena inazimwa saa nne usiku, na watoto hawachagui saa ya kuzaliwa.

Umeme wa gridi ni jambo jingine. Zahanati yetu inatumia wati-saa 900 kwa siku, karibu uniti 27 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya Sh 350 kwa uniti, ni Sh 9,450 tu kwa mwezi. Hapo gridi inaishinda sola mbali sana. Kwa hiyo, kama nguzo zimefika karibu, tuseme kweli: unganisheni zahanati na gridi, kisha wekeni sola ndogo na betri moja kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika. Fedha iliyobaki ifanye kazi nyingine.

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007, imepeleka nguzo mahali ambapo miaka ishirini iliyopita hakuna aliyezitazamia. Lakini umeme kufika kijijini si sawa na kufika katika kila kitongoji. Zahanati iliyo kilometa 6 kutoka kwenye transfoma bado iko mbali. Nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya mkaulize mambo matatu: je, kitongoji chetu kimo katika mpango, ni wa mwaka gani, na kuunganishwa kutagharimu kiasi gani? Ombeni majibu kwa maandishi. Kamati iliyouliza swali hili mapema inaweza kuokoa mamilioni.

5. Faida zisizoandikwa kwenye risiti

Zipo faida zinazohesabika kwa shilingi: mafuta ya taa yasiyonunuliwa tena, safari za kwenda mjini kuchaji simu, dawa na chanjo zisizoharibika. Ziandikeni. Zipo nyingine zisizohesabika hivyo: mkunga anayeona anachofanya, muuguzi anayekubali kuhamia kijijini kwa sababu nyumba yake ina taa, mwanafunzi anayesoma jioni. Hizo nazo ziandikeni kwa maneno, upande wa faida, bila kuzilazimisha kuwa namba.

Andikeni pia hasara. Betri kuukuu ya asidi ina risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Isitupwe shimoni wala kupasuliwa na vijana wanaotafuta chuma chakavu. Kubalianeni na muuzaji tangu mwanzo kwamba ataichukua. Paneli huibwa, kwa hiyo fremu ya chuma na mlinzi ni sehemu ya gharama.

Kisha ulizeni: nani anafaidika, na nani analipa? Hapa ndipo miradi mingi hugombanisha watu. Mtambo umewekwa kwa ajili ya zahanati. Baada ya miezi miwili vijana wanaomba kuchaji simu pale. Simu 20 kwa siku hula wati-saa 200 hivi, zaidi ya moja ya tano ya mahitaji yote ya zahanati. Baadaye unavutwa waya mmoja kwenda kanisani kwa ajili ya kinanda, na mwingine kwenda nyumba ya padri kwa ajili ya televisheni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini betri iliyopimwa kwa wati-saa 900 sasa inatoa 1,500, na mwaka wa pili inakufa.

Ni vigumu kumwambia paroko au mwenyekiti kwamba waya wake umeua betri. Ndiyo maana sheria ziandikwe kabla mtambo haujawashwa, zikiwa na saini zao wenyewe, zikabandikwe ukutani. Kama simu za kijiji zina haja ya kuchajiwa, na kwa kawaida haja ipo, wekeni paneli na betri ya pembeni kwa kazi hiyo, mtoze ada ndogo, na mapato yaingie kwenye akiba ya matengenezo.

6. Mradi unapokuwa mkubwa: maji, bei na ardhi

Baadhi ya parokia na mashirika ya kitawa yamekwenda mbali zaidi ya taa. Mkoani Ruvuma, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga mtambo wa maji wa Tulila kwenye Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme. Wakati huo Songea haikuwa kwenye gridi ya taifa, ikitegemea sana jenereta za dizeli. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea. Mfano huu unaonyesha kwamba taasisi ya kanisa inaweza kufanya kazi kubwa ya nishati. Unatukumbusha pia kwamba mazingira ya soko hubadilika ndani ya miaka michache.

Bei nayo hubadilika. Mwaka 2020 serikali iliwaagiza wenye gridi ndogo binafsi washushe bei hadi Sh 100 kwa uniti, ili wananchi wa vijijini walipe sawa na wateja wa TANESCO. Kwa mwananchi ilikuwa nafuu ya haki. Kwa mwenye mtambo aliyekopa akitegemea bei ya juu zaidi, ilikuwa pigo. Kamati inayofikiria kuuza umeme kwa kijiji iulize EWURA kuhusu usajili na bei, na ifanye hesabu mara mbili: kwa bei inayotarajia, na kwa nusu ya bei hiyo. Kwa mtambo wa maji, ombeni kibali cha kutumia maji katika bodi ya maji ya bonde lenu. Wakulima wanaomwagilia chini ya mtambo waitwe kwenye kikao cha kwanza, wasingoje kuona mfereji umekauka.

Kuhusu ardhi, majirani zetu wa Kenya wametupa mafunzo matatu katika nishati ya upepo.

La kwanza ni la Marsabit. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na ardhi iliyotengwa ni ekari 150,000. Mitambo ilimalizika kusimikwa mwaka 2017, lakini ilikaa zaidi ya mwaka bila kuuza umeme, kwa kuwa njia ya kilometa 428 hadi Suswa ilikuwa haijakamilika. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014 kupinga namna ardhi ya jamii ilivyotolewa. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Umeme wenyewe ni safi na una manufaa kwa taifa. Hata hivyo wafugaji walioambiwa habari baada ya mambo kupangwa walibaki na kidonda.

La pili ni la Kinangop, Nyandarua. Mradi wa upepo wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga, na fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika.

La tatu ni la Kipeto, Kajiado, wenye megawati 100, ulioanza kuuza umeme mwaka 2021. Pale wenye ardhi walibaki na ardhi yao wakaikodisha, na jamii ikapewa asilimia 5 ya umiliki kupitia amana yake.

Tofauti ya miradi hii haikuwa kwenye upepo. Ilikuwa katika swali la nani aliulizwa, lini, na alibaki na nini mkononi. Hata kama mradi wenu ni wa paneli nne tu, swali ni hilohilo: kiwanja ni cha nani, na je, familia iliyokitoa imeandikiwa?

7. Neno kwa wafadhili

Wapendwa mnaotusaidia kwa mbali na kwa karibu, somo hili linawahusu nanyi. Ni rahisi kuchangia paneli, kwa kuwa paneli inapigwa picha. Betri ya mwaka wa 4 haina sherehe. Tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mnaposoma maombi ya mradi, tafuteni ukurasa wa mwaka wa pili hadi wa 10. Kama haupo, uombeni kabla ya kutoa. Pili, msichague bei ya chini dukani bila kuuliza bei ya miaka 10. Mfano wa betri hapo juu unaeleza sababu. Tatu, kubalini kwamba sehemu ya msaada wenu imlipie fundi wa wilayani awafunze watu wawili wa hapohapo, mmojawapo akiwa mwanamke, na inunue vipuri vya kwanza. Afadhali zahanati mbili zenye taa mwaka wa 10 kuliko tano zenye paneli na giza.

Nasi kwa upande wetu tusiseme, "Mfadhili atarudi." Mchango wa kila mwezi wa jumuiya, hata ukiwa mdogo, ndio unaoonyesha kwamba mtambo ni wetu.

8. Hatua za kamati

1. Andikeni kazi zinazohitaji nishati, mzipange kwa umuhimu. Wakunga, akina mama na vijana wawemo kikaoni.
2. Ulizeni TANESCO ya wilaya kuhusu mpango wa gridi.
3. Fanyeni hesabu ya wati-saa kwa siku kama tulivyofanya hapo juu.
4. Pateni bei tatu za maandishi, pamoja na dhamana, na jina la fundi aliye karibu.
5. Andikeni gharama za miaka 10 kwa kila njia, upande kwa upande.
6. Andikeni faida na hasara, na mbele ya kila moja mtaje ni ya nani.
7. Fungueni akaunti ya matengenezo yenye watia saini watatu, na fedha ya miezi sita iwemo kabla ya kununua chochote.
8. Tungeni sheria za matumizi, zisainiwe na viongozi wote.
9. Mchagueni mtunzaji mmoja. Awe na daftari la kuandika hali ya betri kila juma, na asafishe paneli kwa maji safi asubuhi kabla jua halijawa kali.
10. Someni taarifa ya akiba mbele ya waumini kila robo mwaka.

Kama hatua ya 7 imewashinda, msikate tamaa, lakini msinunue bado. Anzeni na taa ndogo za sola za kubebeka kwa ajili ya chumba cha kujifungulia. Gharama yake ni ndogo, na zitawafundisha kutunza kabla ya kutunza kikubwa.

Maswali ya kujadili

- Katika eneo letu kuna mtambo wowote wa nishati uliosimama? Ulisimama kwa sababu gani: kifaa, fedha, au mapatano?
- Betri ikifa leo, tuna shilingi ngapi? Tutahitaji miezi mingapi kupata nyingine?
- Nani kati yetu hatafaidika na mradi huu, ingawa atachangia? Tutamwambia nini?
- Je, tumewauliza akina mama kama hitaji lao la kwanza ni taa, maji au jiko?
- Ni nani mwenye ruhusa ya kukataa waya mpya usiunganishwe, na je, tutamtii hata kama ombi ni la kiongozi?

Tunaomba kamati zitakazofanya hesabu hii zituletee matokeo yake, yawe mazuri au mabaya. Hesabu iliyoonyesha kwamba mradi haufai ina thamani sawa na ile iliyouanzisha.